Taa za Barabarani Zinazozalisha Foleni: Namna ya Kuzipima na Kudai Zirekebishwe

Foleni ikishakuwa ya kila siku, watu huacha kuuliza inatoka wapi. Husemwa magari yamezidi, barabara ni nyembamba, basi. Mara nyingi ni kweli. Lakini yapo makutano ambayo barabara zake zinatosha kabisa kwa magari yanayopita, na bado watu hukaa hapo asubuhi na jioni kwa sababu taa zimegawa muda vibaya: upande wenye magari mengi unapewa kijani kifupi, na upande wenye magari machache unawashiwa kijani kirefu kisicho na wa kukitumia. Tatizo la namna hiyo huondoka bila kumwaga zege wala kubomoa nyumba ya mtu. Fundi hubadilisha namba chache kwenye kabati la mitambo lililo pembeni ya makutano, au akiwa ofisini kama taa zimeunganishwa na kituo kikuu.

Kinachokosekana, mara nyingi, ni mtu wa kusema ni namba zipi zina kasoro. Malalamiko mengi hufika ofisini yakisema "taa za pale ni mbovu" na kuishia hapo. Mhandisi mwenye makutano kadhaa mikononi mwake hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Lakini akiletewa karatasi inayosema ni saa ngapi, upande upi, kijani ni sekunde ngapi na magari mangapi hubaki kila kinapozimika, ana pa kuanzia. Kazi hiyo haihitaji shahada ya uhandisi. Unahitaji simu yenye kipima sekunde, daftari, kalamu, uvumilivu wa saa moja au mbili, na ikiwezekana mtu wa pili wa kusaidiana naye kuhesabu.

Mambo matatu ya kuelewa kabla hujatoka nyumbani

Mzunguko ni muda kutoka kijani cha upande fulani kinapowaka mpaka kinapowaka tena. Zamu ni kipande cha mzunguko anachopewa kila upande. Kati ya zamu na zamu huwaka njano, kwa kawaida sekunde 3 hadi 6 kutegemea mwendo wa magari, kisha pande zote hubaki kwenye nyekundu kwa sekunde moja au mbili ili aliyekwisha kuingia katikati amalize kupita.

Sekunde hizo za kubadilishana hazimfaidii sana mtu yeyote. Ongeza na zile ambazo dereva wa mbele anapoteza akiachia breki, utaona kwamba kila zamu hula kama sekunde nne au tano bure. Makutano yenye zamu nne hupoteza karibu sekunde ishirini kila mzunguko. Ndiyo maana kuongeza zamu, hata kwa nia njema, kuna gharama yake.

Jambo la tatu ni kasi ya magari kupita. Kijani kikiwaka, gari la kwanza hadi la tatu au la nne huondoka polepole. Baada ya hapo, foleni ikishachangamka, gari moja hupita mstari kila baada ya sekunde 2 hivi kwa kila njia. Kwa hiyo kijani cha sekunde 30 hupitisha magari 14 kwa njia moja, labda 15. Kishike kipimo hiki, kwa sababu ndicho utakachotumia kuamua kama kijani kilitumika au kilipotea.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba kosa ni la taa

Foleni ina kichwa na mkia, na tatizo liko kichwani. Watu wengi hulaumu taa iliyo karibu na mahali walipokwama, wakati kilichowakwamisha kiko mbele zaidi. Nenda kwa miguu hadi kwenye kichwa cha foleni, kisha simama ng'ambo ya makutano, upande ambao magari yanatokea.

Kijani kikiwaka, tazama kinachotokea. Magari yakiondoka na kukuta barabara wazi mbele yao, kisha kijani kikakatika wakati wengine wengi bado wamepanga nyuma, taa hiyo ni mtuhumiwa halali. Lakini kama kijani kimewaka na magari hayaendi kwa sababu mbele kumejaa, iache taa hiyo. Endelea kutembea mbele. Utakuta taa nyingine, au kituo cha mabasi kilichowekwa karibu mno na makutano, au gari lililoegeshwa likaziba njia, au mahali ambapo njia tatu zinakuwa mbili. Kuongeza kijani nyuma ya kizuizi kama hicho kunafanya mambo yawe mabaya zaidi: magari huingia katikati ya makutano, hukosa pa kwenda, na wanaokatiza kutoka upande mwingine hufungiwa njia ingawa taa yao imewaka kijani.

Angalia pia kama kuna askari anayeongoza magari kwa mikono saa hizo. Akiwepo, unachokipima ni maamuzi yake, si mpangilio wa taa. Taa za kwanza kabisa, zilizosimikwa London mwaka 1868, ziligeuzwa na askari kwa mkono, na hadi leo askari ndiye kimbilio taa zinaposhindwa. Huwa anafanya kazi ngumu, juani na kwenye moshi. Ila yeye huona foleni iliyo mbele yake tu, hivyo hupenda kuuachia upande mmoja mpaka uishe, na kundi lote hilo huangukia makutano yanayofuata kwa mkupuo. Uwepo wake kila siku kwenye makutano yenye taa nzima ni dalili kwamba huenda mpangilio wa taa umeshindwa. Uandike.

Hatua ya 2: Chagua siku, saa na mahali pa kusimama

Chagua siku ya kawaida ya kazi. Epuka siku ya kwanza na ya mwisho ya juma la kazi, sikukuu, likizo za shule, siku ya mvua kubwa na siku yenye ajali au ujenzi karibu. Ofisini watauliza, na ni haki yao kuuliza.

Fika nusu saa kabla foleni haijaanza kujengeka, ili uone inavyozaliwa. Simama mahali palipoinuka kidogo kama papo, nje kabisa ya barabara, unapoona mstari wa kusimamia na taa ya upande huo kwa pamoja. Usisimame kwenye kisiwa cha katikati, usifungue wala kugusa kabati la mitambo, na usijaribu kabisa kuhesabu ukiwa unaendesha.

Hatua ya 3: Pima sekunde

Anza na mzunguko. Bonyeza kipima sekunde kijani kinapowaka, kiache kiende hadi kijani hichohicho kiwake tena. Rudia mara kumi. Kisha pima kijani cha kila upande, njano yake, na muda wa nyekundu ya pande zote. Mbele ya kila kipimo andika saa ya ukutani, si sekunde peke yake.

Mizunguko kumi ikiwa sawasawa, tofauti isizidi sekunde moja ya kosa la kidole, huenda taa hizo zinakwenda kwa ratiba isiyobadilika. Ikiwa inapanda na kushuka, mojawapo ya pande ina kihisi: koili ya waya iliyofukiwa chini ya lami, au kamera, au rada iliyofungwa juu ya nguzo. Koili utaitambua kwa mikato ya mstatili kwenye lami, iliyozibwa kwa kitu cheusi, karibu na mstari wa kusimamia au nyuma yake kidogo.

Kama unaweza, rudi saa ambayo magari ni machache na upime tena. Mzunguko wa mchana mtulivu ukilingana kabisa na wa saa za msongamano, maana yake makutano yanaendeshwa kwa ratiba moja kutwa nzima. Kwa kawaida inatakiwa iwepo ratiba ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, kwa sababu magari ya asubuhi huelekea kazini na ya jioni hurudi. Ratiba inayofaa asubuhi inaweza kuwa ndiyo inayowatesa watu jioni.

Hatua ya 4: Hesabu magari

Hapa ndipo watu huchoka na kuanza kukisia. Usikisie.

Kwa kila njia, hesabu magari yanayovuka mstari katika kijani kimoja. Kijani kinapozimika, hesabu waliobaki wamesimama. Andika namba mbili: waliopita, waliobaki. Rudia kwa mizunguko kumi mfululizo angalau, na pande zote za makutano. Basi au lori lihesabu kama magari mawili, kwa kuwa huondoka taratibu na huchukua nafasi. Pikipiki na baiskeli zinazopenya hadi mbele ziandike pembeni, zisichanganywe na magari.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Ukihesabu wanaopita mstari tu, utapata idadi ambayo taa imeruhusu, si idadi ya wanaotaka kupita. Upande uliobanwa utaonekana una magari machache kuliko ulivyo nayo kweli. Ndiyo sababu mtu wa pili anahitajika: yeye akae nyuma ya mkia wa foleni na kuhesabu wanaowasili. Kama uko peke yako, tumia waliobaki. Ikiwa hesabu ya waliobaki inazidi kukua mzunguko baada ya mzunguko, ongezeko hilo liongeze kwa waliopita, utapata wanaowasili.

Ukitaka kupata muda ambao mtu anapoteza, ipo njia ya zamani ambayo wahandisi huitumia mpaka leo. Kila baada ya sekunde 15, hesabu magari yaliyosimama kwenye njia moja. Fanya hivyo kwa dakika 10, upate hesabu 40. Zijumlishe, zidisha kwa 15, kisha gawanya kwa idadi ya magari yaliyopita katika dakika hizo 10. Tuseme jumla ya hesabu zako ni 720, na magari yaliyopita ni 120. Hiyo ni 720 mara 15, sawa na sekunde 10,800, gawanya kwa 120: kila gari limesimama wastani wa sekunde 90. Mwongozo wa wahandisi wa Marekani huyapanga makutano ya taa kwa herufi A hadi F, na wastani wa ucheleweshaji ukipita sekunde 80 kwa gari, hupewa F. Namba moja kama hiyo kwenye barua ina uzito kuliko ukurasa mzima wa hasira.

Hatua ya 5: Tafuta ugonjwa

Chukua makutano ya kubuni, rahisi, ya zamu mbili. Barabara kubwa ina kijani cha sekunde 50, barabara ndogo nayo 50. Kila zamu inafuatwa na njano ya 3 na nyekundu ya pande zote ya 2. Mzunguko mzima ni sekunde 110. Umehesabu na kukuta kwamba katika kila mzunguko magari 30 huwasili kwenye njia moja ya barabara kubwa, na 9 kwenye barabara ndogo.

Kijani cha 50, ukitoa sekunde 2 za kuondoka, kimebaki na 48. Gari moja kila sekunde 2: magari 24. Wamewasili 30, wamepita 24, wamebaki 6. Mzunguko unaofuata watabaki 12, kisha 18. Katika saa moja kuna mizunguko 32 na ushee, kwa hiyo hali ikiendelea hivyo njia hiyo moja itakuwa na magari zaidi ya 190 yanayosubiri. Kila gari kwenye foleni huchukua kama mita 7. Hiyo ni foleni ya zaidi ya kilomita moja, iliyozaliwa na magari sita tu ya ziada kwa kila mzunguko!

Sasa geukia barabara ndogo. Magari 9 yanahitaji sekunde 20. Yana 50. Sekunde 30 za kijani zinawaka juu ya lami tupu huku upande wa pili watu wamezima injini.

Wengi wangependekeza zile sekunde 30 zihamishiwe barabara kubwa. Inawezekana, lakini kuna jambo bora zaidi: zifutwe. Barabara ndogo ipewe 20, barabara kubwa ibaki na 50 zilezile, mzunguko ushuke hadi sekunde 80. Kwa mzunguko wa 80, wanaowasili barabara kubwa si 30 tena, ni 22, na 24 wana nafasi. Barabara ndogo wanawasili 7 na wanaweza kupita 9. Foleni imekwisha, na kijani cha barabara kubwa hakijaongezwa hata sekunde moja. Kimefanywa kirudi mapema zaidi.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu imani kwamba kijani kirefu ndicho dawa imeenea mno. Mzunguko mrefu huwafanya wote wasubiri zaidi, na foleni ya wanaosubiri nyekundu hurefuka hadi kuziba mlango wa njia ya kukatia kona. Mtafiti F. V. Webster wa Uingereza alichapisha mwaka 1958 kanuni ya kukadiria mzunguko unaofaa, na bado inafundishwa. Hesabu yake huanza na muda unaopotea kwenye kubadilishana zamu, huongeza sehemu ya uwezo wa barabara inayohitajika kwa kila upande, na kutoka hapo hutoa mzunguko ambao ucheleweshaji ni mdogo kabisa. Kwa makutano yetu ya mfano kanuni hiyo inatoa kama sekunde 70.

Kwa nini basi nimesema 80? Kwa ajili ya waenda kwa miguu. Wanaovuka barabara kubwa huvuka wakati wa zamu ya barabara ndogo. Barabara ya njia nne, kila moja mita 3.5, ina upana wa mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Mzee, mtoto au mwenye mzigo ni polepole zaidi, chukua mita 1. Anahitaji sekunde 14 za kuvuka, juu yake kama sekunde 7 za kuona taa imemruhusu na kuanza kushuka. Jumla ni 21. Kijani cha 20 pamoja na njano na nyekundu ya pande zote kinamtosha. Kijani cha 14, ambacho kanuni ingekitoa kwa magari peke yake, kingemwacha mama mwenye mtoto mgongoni akiwa katikati ya barabara. Usipendekeze kamwe mgawanyo unaokula muda wa kuvuka. Pima upana, piga hesabu, na uandike kwenye barua kwamba umefanya hivyo.

Tukiachana na mgawanyo mbaya, kuna magonjwa mengine ambayo dalili zake huonekana kwa macho.

Kihisi kilichokufa: upande mdogo unapewa kijani kirefu kilekile kila mzunguko hata kama hakuna gari hata moja. Mitambo mingi, kihisi kikiharibika, huchukulia kwamba gari lipo siku zote, ili asisahauliwe mtu. Ukienda usiku na kukuta barabara kubwa inasimamishwa mara kwa mara kwa ajili ya upande mtupu, umeupata. Kinyume chake pia hutokea, kihisi kisichoona pikipiki wala baiskeli, na mwenye nayo husubiri hadi gari lije nyuma yake. Kumulika taa za gari kwa kuwasha na kuzima hakusaidii koili; yenyewe inahisi chuma, haioni mwanga.

Kitufe cha kuvukia kilichokwama kina dalili inayofanana: zamu ya waenda kwa miguu huja kila mzunguko bila mtu kukibonyeza.

Saa iliyopotea: ratiba inabadilika, lakini kwa wakati usio wake. Unaona msongamano umeanza saa 1:00 asubuhi, na mzunguko unabadilika ghafla saa 1:40. Saa ya mtambo inaweza kuteleza au kuanza upya baada ya umeme kukatika, hasa betri yake ikiwa imechoka. Ndiyo maana nilisisitiza kuandika saa ya ukutani kwenye kila kipimo. Huu ndio ugonjwa rahisi kuliko yote kutibika.

Zamu ya kukata kona isiyotosha: wanaokata kona kuvuka mkondo wa magari yanayokuja hujaa kwenye njia yao fupi, mkia wao ukamwagika kwenye njia ya wanaokwenda moja kwa moja. Hapo kijani cha wanaokwenda moja kwa moja kinawaka na hawawezi kukifikia. Ukihesabu utapata magari 8 kwenye kijani cha sekunde 30, badala ya 14. Namba ikiwa chini hivyo wakati foleni ipo, daima kuna kitu kinachozuia, kitafute.

Na wakati mwingine hesabu itakuambia kwamba makutano yamezidiwa kweli. Jumlisha sekunde zinazohitajika na pande zote pamoja na za kubadilishana. Zikizidi mzunguko hata ukiupeleka sekunde 120, hakuna mgawanyo utakaoponya. Sema hivyo waziwazi. Huenda dawa ni usafiri wa mabasi, njia ya ziada ya kukata kona, au kuzuia kona fulani saa za msongamano, na hayo ni madai ya aina nyingine.

Hatua ya 6: Pima taa jirani

Kama umetoka nyekundu moja na kuingia nyingine, kila siku, makutano mawili yaliyo karibu hayasomani. Pima kwanza mzunguko wa kila moja. Ikiwa moja ina 90 na nyingine 100, haziwezi kuoana hata kidogo. Leo kijani kitakukuta, mzunguko ujao kitakukosa. Sharti la kwanza ni mizunguko ilingane, au moja iwe nusu ya nyingine.

Ikilingana, tafuta kijani cha pili kinapaswa kuchelewa sekunde ngapi baada ya cha kwanza. Gawanya umbali kwa mwendo. Mita 400 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa sekunde, ni sekunde 36. Lakini ukikuta magari matano yamekwisha kupanga kwenye taa ya pili kabla kundi halijafika, hayo yanahitaji sekunde 12 za kuondoka kwanza. Kijani cha pili kiwake basi sekunde 24 baada ya cha kwanza, si 36.

Ombi lako liwe la upande wenye kundi kubwa kwa saa hiyo. Mpangilio unaowafaa wanaoingia mjini mara nyingi huwaumiza wanaotoka, na mhandisi atakuuliza ni nani umemchagua.

Hatua ya 7: Andika

Kwanza fahamu barabara ni ya nani. Nyingine ziko chini ya halmashauri ya mji, nyingine chini ya wakala wa barabara wa taifa, na makutano ya barabara mbili za wamiliki wawili ndiyo yanayosahaulika zaidi. Ukiwa na shaka peleka kwa wote wawili na kila mmoja aone nakala ya mwenzake. Barua isizidi ukurasa mmoja, majedwali yaende nyuma. Kwa mfano:

*Kwa Mhandisi wa Barabara,*

*YAH: MGAWANYO WA MUDA WA TAA, MAKUTANO YA BARABARA A NA BARABARA B*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumepima taa za makutano haya siku tatu za kazi, kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi. Mzunguko ni sekunde 110, haubadiliki. Barabara A inapata kijani cha sekunde 50, na magari 6 kwa wastani huongezeka kwenye foleni kila mzunguko kwa njia moja. Barabara B inapata sekunde 50, na hutumia zisizozidi 20. Mbele ya makutano barabara iko wazi, hakuna kizuizi. Kivuko cha Barabara A kina upana wa mita 14.*

*Tunaomba mpitie upya mgawanyo wa saa za asubuhi, na mthibitishe kama kihisi cha Barabara B kinafanya kazi. Vipimo vyote vimeambatishwa. Tuko tayari kukutana nanyi kwenye makutano siku na saa mtakayopanga.*

Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Mhandisi akija kusimama nawe pale saa 1:30 asubuhi, dakika kumi zinatosha. Eleza tatizo kwa namba na umwachie yeye suluhisho. Pendekezo lako liwe pendekezo, kwa sababu anaweza kujua jambo ambalo hulioni, kama njia ya magari ya zimamoto au reli iliyo karibu. Ambatisha video fupi ya mzunguko mmoja mzima, iliyopigwa kutoka pembeni, ikionyesha upande mtupu wenye kijani na upande uliojaa kwa pamoja. Namba za magari na sura za watu zisionekane.

Omba wakujulishe kwa maandishi ni lini ratiba ya makutano hayo ilipitiwa mara ya mwisho. Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wasimamizi wa taa ni kuipitia kila miaka mitatu hadi mitano, kwa kuwa nyumba mpya, shule mpya au soko jipya hubadilisha kabisa mikondo ya magari.

Usipojibiwa ndani ya wiki chache, peleka nakala kwa diwani au mwakilishi wako, ukiambatisha barua ya kwanza yenye muhuri wa mapokezi. Kwa hiyo siku ya kwanza hakikisha umegongewa muhuri huo.

Hatua ya 8: Pima tena

Taa zikibadilishwa, zipe wiki mbili madereva wazoee, kisha rudi siku ileile ya juma, saa ileile, mahali palepale, uhesabu kwa njia ileile. Pima wastani wa kusimama kwa pande zote, siyo upande wako tu. Barabara ndogo isiwe ndiyo iliyoachiwa foleni. Tazama wanaovuka kama wanafika ng'ambo bila kukimbia. Tembea pia hadi makutano yanayofuata, kwa sababu magari uliyoyafungua yamekwenda huko.

Matokeo yapeleke ofisini hata yakiwa mazuri. Fundi aliyebadilisha ratiba mara nyingi hana mtu wa kumrudishia habari. Na ukikuta foleni imehama tu kwenda taa ya mbele, anza upya na taa hiyo kutoka hatua ya kwanza, ila barua ya pili itaje makutano yote mawili kwa pamoja, pamoja na mizunguko yake na sekunde zinazoyatenganisha.